Vigingi vya Fundi Timazi

Chumba cha ramani, ofisini
29 Mei

Baba,

Nimefika salama. Kiatu kimoja bado kina tope la huko kwenu na sijakifuta, nimekiweka dirishani mbele ya meza yangu. Wenzangu wananicheka, na mimi nawaachia.

Nakuandikia barua kwa sababu simu yako naijua ilipo: kabatini, ndani ya soksi. Basi tufanye hivi. Kila mwezi nesi wa gari la zahanati atapita kwako kuchukua fomu, na ukiwa na la kuniambia utalitia humo humo kwenye bahasha.

Nirudie maelezo, maana siku ile nilipokuwa napiga vigingi ulikuwa unacheka namna ninavyoshika nyundo, hukusikiliza hata neno. Ofisi inatengeneza ramani ya hatari ya maporomoko kwa wilaya nzima. Kila mteremko wenye nyumba unapakwa rangi. Kijani, watu wakae. Njano, tuuangalie. Nyekundu, watu wahame. Wenu una ule ufa juu ya nyumba, kwa hiyo kwa sasa nimeupaka njano.

Kazi yako ni ndogo. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi panda pale kwenye ufa, pima kutoka kigingi cha juu ya ufa hadi cha chini yake, andika kwenye fomu. Ni sentimita mia moja. Hakikisha vinakaa wima na havichezewi, hasa na mbuzi wa jirani. Mengine niachie mimi, hesabu zake ni ndefu.

Msalimie wifi na watoto. Mwambie mdogo shangazi hajasahau penseli za rangi.

Msumari wako


Nyumbani
25 Juni

Kwako Msumari,

Mimi mzima, mgongo tu, na mgongo si habari mpya. Wifi yako mzima. Watoto wazima kupita kiasi. Kaka yako kaandika kutoka machimboni, anasema atakuja mwisho wa mwaka, na mwaka jana alisema hivyo hivyo.

Fomu hiyo hapo. Jumamosi nne, mia moja mara nne. Nimetumia futi yangu ya chuma, siyo ile ya kitambaa uliyoniachia. Ile ni ya kushonea magauni, bwana! Watu wazima hawapimi ardhi kwa futi ya magauni.

Usiwe na wasiwasi na vigingi vyako. Unajua watu wananiita nani hapa. Miaka arobaini sijawahi kutoa meza ikachechemea, nije nishindwe kulinda vijiti viwili vya binti yangu? Kila Jumamosi naenda na futi, nyundo, na timazi yangu ya kupimia wima. Wakija wakubwa zako wakikuta kimoja kimeinama watasema baba wa mtaalamu ni mzembe. Hawatalisema hilo.

Mlango wa mbele umeanza kugusa fremu juu, upande wa kulia. Mbao hizi za siku hizi, zinavimba hata kiangazi. Nimeupiga randa kidogo, umetulia.

Wifi yako anasema nikwambie ule vizuri. Mimi nasema ufunge kiatu.

Baba yako,
Fundi Timazi


Chumba cha ramani
12 Novemba

Baba,

Leo nilitamani uwepo hapa. Mkuu wa idara ameinua fomu yako mbele ya kikao kizima. Wasomaji wa vigingi wa miteremko mingine, mmoja ameandika kwa mkaa, mmoja ameruka wiki tatu, wa tatu fomu yake ina alama ya sufuria. Akasema: tazameni huyu, hajakosa Jumamosi hata moja, namba zake zimenyooka. Mimi nikajifanya simjui. Halafu nikashindwa, nikasema ni baba yangu. Kikao kizima kikacheka, nikaona aibu na furaha kwa pamoja.

Tangu Juni ni mia moja tu, bila hata nukta. Mvua ikipita salama, mwakani naupaka mteremko wenu kijani. Nimeshaanza kuifikiria hiyo siku.

Umesema mlango umepigwa randa mara ya tatu. Baba, utaumaliza! Mwakani mtakuwa mnaingilia dirishani. Nunua mbao kavu.

Nimekaa miezi mitano bila kuja, najua. Kuna miteremko tisa mingine na watu wa kuifanya kazi ni wawili.

Msumari wako


Nyumbani
10 Machi

Wifi yangu,

Usishtuke kuona mwandiko wangu, hakuna anayeumwa. Nilipanda juu ya tangi la maji kukupigia simu mara mbili, haikushika. Baba hajui kama nakuandikia. Barua hii nampa nesi mkononi.

Nina jambo linaninyima raha. Mvua imeanza vibaya mwaka huu. Mlango wa mbele baba kaupiga randa mpaka pembe yake imekuwa nyembamba kama ukucha, na bado unakwama. Sasa na wa chumba cha watoto umeanza. Sakafu ya jikoni ina mstari, mwanzoni nilidhani ni unywele. Jana niliingiza sarafu, ikazama. Na maji ya chemchemi yanatoka na tope hata siku isiyonyesha.

Nimemwambia baba twende kwa mama yangu kule bondeni mpaka mvua ipite. Kanijibu: "Binti yangu ndiye anayejua ardhi. Siku akisema tuondoke, nitabeba hata kitanda mgongoni. Hajasema." Huyo ndiye baba yako. Ukimpinga anakupa msumari ushike wakati anapigilia.

Mimi sikusoma hayo mambo yako. Najua mlango na najua sakafu. Wewe ndiye mwenye vipimo, basi nakuuliza wewe, na utakalosema nitalifuata: tukae au tuondoke?

Nijibu upesi, wifi. Watoto silali nikiwaangalia.

Wifi yako


Chumba cha ramani
17 Machi

Wifi mpendwa,

Umefanya vizuri kuniandikia, na usijione mwoga. Mtu mwenye watoto lazima awe hivyo.

Nimezitoa fomu zote za baba nikazipanga mezani, moja baada ya nyingine. Miezi tisa. Hakuna Jumamosi hata moja iliyozidi mia. Sheria yetu inasema vigingi vikiachana sentimita tano ndani ya mwezi, watu wanahamishwa siku hiyo hiyo. Vyenu havijaachana hata upana wa uzi. Ungeona fomu za mteremko mwingine wowote, hakuna uliotulia kama wenu.

Mlango ni mbao. Sakafu ile baba aliimwaga mwenyewe kabla hujaolewa, imezeeka. Tope la chemchemi silipendi, hilo nitakuja kulitazama mwenyewe mwisho wa Aprili.

Kaeni. Mkimhamisha mzee yule kwa hofu tu atanuna mpaka mwakani, na kwa mama yako hakuna nafasi ya kulala watu wanne. Kukiwa na lolote vigingi vitasema kabla ya mlango.

Mwambie baba, bila kumwambia uliniandikia, kwamba ofisi inamtegemea kipindi hiki. Hata inyeshe namna gani, Jumamosi asikose.

Wifi yako


Nyumbani
31 Machi

Kwako Msumari,

Fomu ya Machi. Jumamosi tano, mia moja mara tano. Samahani kwa tone la maji hapo kwenye tarehe tisa, ni mvua, siyo mkono wangu.

Wifi yako kaniletea salamu kwamba ofisi inanitegemea. Niliisikia mvua juu ya bati, nikasema, basi inyeshe, mimi ni mtumishi wa serikali! Watoto wamenitengenezea kofia ya gazeti, wanadai ndiyo sare.

Vigingi vyako vimesimama kama askari. Ila kazi ya kuvisimamisha siku hizi inanitoa jasho. Kuna kitu nataka kukuuliza ukija, si cha kuandika kwenye barua. Ni juu ya hivyo vigingi. Si kikubwa. Huenda ni uzee wangu tu, sitaki ofisini wakuone una baba asiyeelewa.

Unakumbuka kile kigoda ulichotengeneza ukiwa na miaka minane? Mguu mmoja ulikuwa mfupi, ukalia. Nikakwambia leta nikinyooshe, ukakataa, ukasema kiache kilivyo, ndicho changu. Bado ninacho. Nakikalia nikipiga randa ule mlango. Kinachechemea kweli kweli. Hakuna mteja anayeruhusiwa kukiona.

Njoo Aprili kama ulivyosema. Usiseme tena kazi.

Baba yako,
Fundi Timazi


Kwa mama, bondeni
28 Aprili

Wifi,

Ulikuja ukalia, tukazika, ukaondoka. Siku tatu tumekaa chumba kimoja hatukusemezana. Wewe hukuuliza na mimi sikuwa na mdomo. Sasa ninao.

Jumamosi ile, tarehe kumi na tatu, tuliamka mlango haufunguki kabisa. Baba alisukuma, nikasukuma, watoto wakasukuma wakicheka. Mwisho akatoka dirishani na mgongo wake ule, akaung'oa mlango mzima kwenye bawaba kwa nje, akaulaza juu ya matofali apate kuupiga randa vizuri. Akatoa sanduku la vifaa, akaweka na kile kigoda. Halafu akatazama saa. Nikamwambia, baba, mvua yote hii, acha leo. Akasema: "Saa tatu inafika. Wananitegemea." Akavaa koti, akachukua futi, timazi na nyundo, akapanda.

Kila Jumamosi nilimwona akipanda na nyundo. Nilidhani ndivyo mnavyopima.

Nilisikia mlio, siwezi kukwambia wa nini. Sufuria zilianguka zote pamoja. Niliwashika watoto, nikatoka pale pasipo na mlango nikakimbilia upande wa tangi. Ungekuwepo mlango tusingetoka, wifi. Nilipogeuka, nyumba haikuwepo, na kule juu alikokuwa baba hapakuwa na juu.

Nilikuuliza tukae au tuondoke. Nilikuuliza kwa maandishi. Ulinijibu kaeni. Barua yako ninayo, nilikuwa nayo kifuani siku ile, na mpaka leo sijaichana. Nimejaribu kukusamehe, nashindwa. Nikiona watoto wanalala na viatu miguuni, nashindwa tena.

Sanduku la vifaa lilibaki pembeni kwenye tope. Ndani yake kulikuwa na kijitabu chake cha kazi, kile cha kuandikia vipimo vya wateja. Kwenye kurasa za nyuma kaandika mambo ya vigingi. Mimi siyaelewi na sitaki kuyaelewa. Nakutumia, ni vyako.

Wifi yako


Chumba cha ramani
4 Mei
Kwa pikipiki, mkononi, leo hii

Kwa wasomaji wote tisa wa vigingi,

Acheni kila mnachofanya msome hapa.

Mwaka jana niliwaandikia kwamba umbali ni sentimita mia moja na mhakikishe vigingi vinakaa wima. Maelekezo yale yalikuwa mabaya, na aliyeyaandika ni mimi. Sikuwaambia kigingi ni cha nini. Sasa nawaambia: kigingi kipo ili kiiname. Ardhi ikienda, kinaenda nayo, na sisi tunajua. Ukikinyoosha umeifunga ardhi mdomo.

Kama umewahi kukirudisha hata mara moja, kwa kudhani ni mbuzi, ni watoto, ni mvua, au kwa kutaka tu kazi ionekane nadhifu, niandikie leo umekirudisha mara ngapi na kiasi gani. Hakuna atakayekulaumu. Mwenye pikipiki atasubiri jibu lako hata kama ni kesho.

Kuanzia sasa usikiguse. Hata kikianguka, pima pale kilipoanguka.

Mpimaji, chumba cha ramani


Mteremko wa nyuma ya shule
4 Mei

Mama mpimaji,

Mimi ndiye mshona viatu, fomu yangu ndiyo ile yenye alama ya sufuria. Naandika juu ya tangi la pikipiki.

Nimekirudisha. Mara nne tangu Februari. Ya mwisho ilikuwa juzi, sentimita tatu. Nilimpiga na mbuzi wa mwenyekiti, masikini, hata hakufanya kitu. Nilikuwa naona aibu kuandika kimesogea, kwa sababu mkuu wenu alipopita hapa alituonyesha fomu ya mzee mmoja, akasema wote tuwe kama yeye, mia moja, mia moja. Nikasema kumbe mwenzangu anaweza, mimi nashindwa nini?

Nimepanda sasa hivi kutazama. Kile nilichokisimamisha juzi kimeshainama tena, mama. Sikukigusa.

Tuko nyumba saba. Nimewaambia wote. Mwalimu mkuu katufungulia madarasa mawili, usiku huu tunalala huko. Kama nimekosea kuwatoa watu kabla hujajibu, utanisamehe.

Mshona viatu


Stoo ya mafaili, ofisini
26 Mei

Wifi,

Sikustahili kukuandikia kabla ya leo. Hata leo sina hakika. Ukitaka, chana hapa hapa usiendelee.

Kijitabu cha baba nimekisoma. Nikueleze, kwa sababu una haki ya kujua kabla ya mtu yeyote.

Baba hakukosa kupima. Alipima kila Jumamosi, na kila kigingi cha chini kiliposogea aliking'oa akakipiga tena kwenye mia moja kamili, kwa futi yake ya chuma na timazi. Ndiyo maana ulimwona na nyundo. Alidhani hiyo ndiyo kazi. Na angedhani nini kingine? Nilimwandikia ni mia moja, nikamwandikia vikae wima, nikamwambia mengine aniachie mimi. Mstari mmoja tu wa kumweleza kwa nini, sikuuandika. Nilimwona ni baba tu, ataelewa au hataelewa, mradi afanye.

Lakini fundi hatupi kipimo. Kila alichokirudisha alikiandika kwenye kurasa za nyuma, kwa ajili yake mwenyewe. Septemba: "Nusu. Mbuzi." Novemba: "Moja. Mbuzi tena, nimesema na jirani." Januari: "Jirani kafunga mbuzi. Moja na nusu." Februari yote inafika sentimita sita. Ile sheria ya tano niliyokutajia ilikuwa imeshapita wiki mbili kabla hujaniandikia. Machi ni kumi na mbili. Tarehe thelathini Machi kaandika: "Nne kwa wiki moja. Hakuna mbuzi. Muulize Msumari."

Hicho ndicho alichotaka kuniuliza nikija. Kanificha kwenye barua asinitie aibu.

Mlango ulisema, wifi. Sakafu ilisema, chemchemi ilisema, na wewe ulisema. Chuoni tulifundishwa kabisa: milango ikianza kukwama kwenye mteremko, angalia chini. Niliandika hilo kwenye mtihani. Halafu ulipoandika wewe nikalitania, kwa sababu namba ziliandikwa na baba yangu na nilikuwa najivunia. Uliniuliza swali la kweli, nikakujibu kwa kujua kusikokuwa kujua. Baba amekufa kwa jibu langu. Silipunguzi neno hilo hata kidogo.

Kuna jambo moja nalitaja bila kutafuta nafuu. Maelekezo yale yale niliwapa wengine tisa. Niliposoma kijitabu ulichonitumia niliwaandikia siku hiyo hiyo. Watano kati yao walikuwa wananyoosha. Mshona viatu wa nyuma ya shule alitoa watu nyumba saba usiku ule. Mteremko wao umeshuka tarehe kumi na tisa, mchana, nyumba zote saba, na ndani hapakuwa na mtu. Ulinitumia kile kijitabu kwa hasira. Watu wale hawakujui, lakini ni wewe uliyewatoa.

Mkuu wa idara alitaka ripoti iandikwe "kosa la msomaji". Alisema mzee ameshafariki, hakuna atakayeumia, na kazi yangu itabaki. Nikamwandikia: kosa la maelekezo, mwandishi wa maelekezo ni mimi, msomaji alifanya alichoambiwa kwa uaminifu kuliko mtu yeyote wilayani. Nikapiga muhuri. Ndiyo maana naandika nikiwa stoo. Nafuta vumbi kwenye mafaili wakisubiri kuamua, lakini fomu za vigingi bado nasoma mimi, hawana mwingine.

Mteremko wenu haujaisha. Juu ya pale paliposhuka kumebaki kipande, na chini yake kuna zile nyumba nne za upande wa tangi. Mwenzangu amepiga vigingi vipya. Tunahitaji mtu wa kusoma kila Jumamosi. Sikuombi wewe, siwezi kukuomba. Nimetia fomu kwenye bahasha ili umpe yeyote utakayemwona anafaa.

Nawalilia baba na wewe. Watoto usiwaambie nimewasalimia kama hutaki.

Wifi yako


Kwa mama, bondeni
17 Novemba

Wifi,

Nimekaa kimya miezi sita na wewe hukunisumbua. Hilo nimelihesabu upande wako.

Fomu ulizotuma nesi alizileta kila mwezi, na kila mwezi zilirudi zimejazwa. Najua umekuwa ukijiuliza mwandiko ni wa nani, kwa sababu mjazaji hakuweka jina. Ni mimi. Mwanangu mkubwa ndiye anashika mwisho wa futi. Ile ya chuma ilipatikana, imepinda kidogo, inasoma vizuri.

Sijamaliza kukukasirikia. Kuna siku naamka nimekusamehe na mchana nimesahau kama nilikusamehe. Lakini barua yako ya "kaeni" nimeichoma, na hii ya mwisho nimeihifadhi kwenye sanduku la baba. Basi ndiyo hivyo.

Jana tumepanda saa tatu. Imenyesha siku nane. Kigingi cha chini kimeinama, siyo kidogo. Mkubwa alipokiona alishtuka kama ameona mtu ameanguka njiani. Akakishika kwa mikono miwili akitaka kukisimamisha. Akasema: "Mama, babu angekasirika." Nikamshika mikono nikamwambia tukiache. Wifi, mkono wangu mwenyewe uliniwasha. Namjua yule mzee, najua asingeweza kupita pale akakiacha. Tulisimama kwenye mvua tunakitazama kimeinama, tukalia wote wawili, halafu tukapima: mia moja na sita. Jumamosi iliyopita ilikuwa mia moja na moja. Tukaandika hivyo hivyo.

Kile kigoda chako ninacho, mdogo anakikalia. Fundi mmoja wa hapa alitaka kukikata miguu kiwe sawa, nikamfukuza.

Fomu hiyo ndani, tumia unavyotaka na upake rangi unayotaka. Safari hii sikuulizi. Nimeteremka moja kwa moja kwenye nyumba nne za upande wa tangi, nikagonga mlango mmoja mmoja, na wa mwisho ulikuwa umekwama, wakatokea dirishani. Wote wako hapa kwa mama. Tumelala watu kumi na tisa sakafuni, na nafasi imetosha.

Wifi yako,
msomaji wa vigingi